Prime iliondoka, na mzazi akaondoka nayo

Mwanzoni mwa Julai, siku ya proklamasyo, viwanja vya shule za Miti hujaa watu. Akina mama huja na vikwembe vya ibada, watoto wachanga mgongoni. Akina baba husimama nyuma, karibu na pikipiki, kama watu wanaopita tu. Direkta husoma majina darasa kwa darasa, kila jina na asilimia yake, na aliyeshika nafasi ya kwanza hupigiwa vigelegele. Matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, na kijiji kizima hujua nyumba gani ina furaha. Ni siku nzuri. Kasoro yake ni kwamba kwa wazazi wengi ndiyo siku pekee. Tangu Jumatatu ya kwanza ya Septemba mtoto amekwenda na kurudi, amekwenda na kurudi, na yaliyotokea katikati wanayajua mwalimu na ubao wake.

Miti iko kando ya barabara ya taifa namba 2, kaskazini mwa Bukavu, kabla ya kufika Kavumu kwenye uwanja wa ndege. Hapo ndipo barabara namba 3 inapochepuka na kushika mlima, ipite ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega kuelekea Bunyakiri na Walikale. Ni mojawapo ya grupoma za uchifu wa Kabare, nchi ya Bushi, ambako mtoto huzungumza Mashi nyumbani, Kiswahili sokoni, na bilteni yake ya alama huandikwa Kifaransa. Majirani wa Miti ni wasomi watupu. Murhesa kuna seminari kuu ya Kikatoliki. Mulungu kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA. Mwendo wa pikipiki kuelekea kaskazini kuna Lwiro, kituo cha sayansi ambacho Wabelgiji walikianzisha mwaka 1947, na majengo yake hadi leo yanamfanya mgeni ajiulize kama hajapotea njia. Mapadri, madaktari wa mimea na wataalamu wa sokwe wote wamepita njia hii. Mtoto wa Miti anawaona wakipita. Atakayefika walikofika wao ataanzia kwenye darasa la udongo la mwaka wa kwanza, na katika darasa hilo mzazi hana kiti.

Kumkemea mzazi ni rahisi, na mikutano mingi ya mashirika huishia hapo: wazazi wahamasishwe, wazazi waamke. Lakini mzazi wa Kivu hakulala. Kwa miaka karibu thelathini ndiye aliyezuia shule za nchi hii zisifungwe, na mtu asiyeikumbuka habari hiyo hawezi kuelewa kwa nini leo anakaa nyumbani.

Mwaka 1977 serikali ya Zaire ilitia saini mkataba na makanisa: shule zirudi mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, serikali ilipe mishahara. Ndiyo sababu hadi leo shule nyingi za Kabare huitwa konvansyone. Serikali haikuendelea kulipa kwa muda mrefu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukununua tena gunia la unga wa muhogo, migomo ikafuatana, na watoto wakakaa nyumbani kwa miezi. Mwaka 1992 maaskofu na wawakilishi wa wazazi wakakubaliana jambo ambalo lilionekana la muda: wazazi wachangie kidogo ili mwalimu arudi darasani. Mchango huo ukaitwa prime. Wa muda ule ukadumu hadi 2019.

Prime ilikuwa na hesabu zake. Kila Septemba komite ya wazazi iliketi na direkta kujadiliana kiasi. Mwalimu akipewa kidogo, alifundisha kidogo, maana mkono mtupu haulambwi. Na si yote yaliyobaki shuleni: sehemu ya fedha hizo ilipanda ngazi, ofisi ya elimu ya eneo ikachukua chake, uratibu wa kanisa chake, jimbo nalo chake. Wasomi waliochunguza mfumo huo, Kristof Titeca na Tom De Herdt wakiwemo, walishangazwa na jambo moja, kwamba nchi ilikuwa inaporomoka na idadi ya wanafunzi inaongezeka. Shule hazikubaki hai kwa muujiza wowote. Kilichoziweka hai ni ndizi, maharage na kasiksi, pombe ya ndizi, iliyouzwa kando ya barabara.

Lakini tuseme pia lile ambalo hatupendi kulisema. Katika miaka yote hiyo, mzazi aliulizwa swali moja tu: umelipa? Mtoto alifukuzwa katikati ya somo kwa ajili ya prime, akarudi nyumbani analia, na mama akatoka mbio kukopa. Komite ya wazazi ilijua kupigania bei. Ilipunguza faranga mia tano hapa, ikaomba mwezi mmoja wa subira pale. Kama watoto wa mwaka wa tatu wanaweza kusoma sentensi nzima bila kukwama, hilo halikuwamo kwenye ajenda. Mzazi alikuwa mfadhili wa shule bila kuwa mdau wa masomo. Nadhani ufa ulianzia hapo, na gratwite, elimu bila malipo, iliufunua tu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na bila malipo. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi miaka kumi na mitatu. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi, aliyekuwa ameapishwa Januari ya mwaka huohuo, aliamuru yatekelezwe nchi nzima. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Watoto walimiminika, wakiwemo wale waliokuwa wameacha shule kwa ajili ya prime na wale ambao hawajawahi kuingia darasani kabisa. Madawati ya watoto watatu yakakaliwa na watano. Walimu wa miji kama Bukavu, waliokuwa wakipata zaidi kwa prime kuliko kwa mshahara, walijikuta wamepungukiwa ghafla. Wengine, wale ambao jina lao halimo kwenye orodha ya malipo ya serikali, walibaki bila chochote: bila prime, bila mshahara. Migomo ikarudi. Oktoba 2021 wanafunzi wa Kinshasa waliingia hadi ndani ya Bunge wakiwadai walimu wao.

Mimi naiunga mkono gratwite, na sitaki msomaji anielewe vibaya. Mtoto kufukuzwa shule kwa deni la baba yake ilikuwa aibu, na heri imekwisha. Lakini pamoja na prime liliondoka jambo jingine ambalo hakuna aliyelipangia bajeti. Komite ya wazazi ilipoteza kazi yake. Mkutano wa Septemba, uliokuwa mkali kwa sababu ya fedha, ukapoa. Na katika vijiji kauli ikabadilika: sasa shule ni ya serikali, Rais Fatshi analipa, mwalimu ana bosi wake Kinshasa. Mzazi aliyezoea kwamba mlango wa shule hufunguliwa kwa noti alipoambiwa noti haitakiwi tena, alidhani hata yeye hatakiwi.

Wakati huohuo Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wa Kongo, wakifika umri wa miaka kumi, hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi ya kawaida. Tisini na saba. Nambari hiyo husomwa sana katika hoteli za Kinshasa. Ingefaa isomwe chini ya mti, kwenye uwanja wa shule, kwa Kiswahili na kwa Mashi, mbele ya watu ambao watoto hao ni wao. Mzazi anayeona mtoto wake amepanda mwaka wa nne anaamini, na ana haki ya kuamini, kwamba anajua vya mwaka wa tatu.

Majirani zetu wa mashariki walijaribu njia hiyo hasa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, mpango wa Uwezo ulipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, wakimpa kila mtoto karatasi ya hadithi ya kiwango cha darasa la pili, nyumbani kwao, mama akitazama. Lengo lilikuwa mzazi ashuhudie kwa macho yake. Ashtuke, kisha achukue hatua. Watafiti watatu, Lieberman, Posner na Tsai, walirudi katika vijiji vya Kenya kuangalia kilichofuata. Katika taarifa yao ya 2014 waliandika kwamba hawakuona mabadiliko ya maana: wazazi waliopewa matokeo ya watoto wao hawakuwa tofauti na majirani ambao hawakupewa. Ni jambo la kufikirisha. Kumwambia mtu kwamba nyumba yake inavuja hakumpi bati. Wazazi wale walijua tatizo, hawakujua waanzie wapi, au walijua na wakaona kwamba hawana nguvu juu ya mwalimu.

Uganda walipata jibu lingine. Abigail Barr na wenzake walijaribu kadi za alama za shule za namna mbili. Ya kwanza ilikuja imeandaliwa tayari na wataalamu: kamati ya shule ijaze, basi. Ya pili, kamati yenyewe, wazazi na walimu wakiwa pamoja, ilikaa na kuamua ni mambo gani itayafuatilia, kisha ikajipa alama kila muhula. Ya kwanza haikuzaa matunda ya kuonekana. Ya pili ilipunguza utoro wa walimu na wa wanafunzi, na alama za watoto zikapanda. Kazi ilikuwa ileile na karatasi ni kama ileile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika kalamu.

Nikiirudisha habari hiyo Miti, naona vikwazo vitatu ambavyo hotuba za uhamasishaji huvipita mbio.

Kikwazo cha kwanza ni kalenda. Shule hufunguliwa Septemba, na Septemba ndiyo mvua inarudi. Ni mwezi wa kupanda maharage ya msimu wa kwanza. Fedha ya kaye, yaani madaftari, na sare ya bluu na nyeupe ndiyo ileile ya mbegu, na mikono midogo inayotakiwa darasani ndiyo inayotakiwa shambani. Ardhi ya Kabare ni finyu, mashamba makubwa ya chai na kwinini yalichukua sehemu nzuri tangu enzi za ukoloni, na familia nyingi huishi kwa kipande ambacho mtu hukizunguka kabla ugali haujaiva. Direkta akiitisha mkutano wa wazazi wiki ya pili ya Septemba, saa tatu asubuhi, halafu akalalamika kwamba wamekuja kumi, amesahau mwenyewe ametoka kijiji gani. Februari, msimu wa pili, hadithi ni hiyohiyo. Na yule mtoto wa kiume ambaye baba anamchukua siku mbili kwa wiki kubeba makaa kutoka ukingoni mwa hifadhi, au yule wa kike anayebaki nyumbani na mdogo wake siku ya soko la Mudaka, hakuachishwa shule. Jina lake bado linaitwa kila asubuhi. Anaacha shule polepole, siku moja moja, mpaka mwezi mmoja anagundua kwamba hafuati tena, na hapo ndipo machimbo ya Nyabibwe au kazi ya ndani mjini Bukavu huanza kuonekana jambo la busara.

Kikwazo cha pili ni Kifaransa. Katika miaka ya mwanzo programu ya taifa inamtaka mwalimu afundishe kwa lugha ya taifa, na kwetu mashariki ni Kiswahili. Baadaye Kifaransa kinachukua nafasi, na bilteni huja na Kifaransa chake, nukta zake, na alama za kushindwa zimepigiwa mstari mwekundu. Mama ambaye hakusoma anaielewa rangi nyekundu. Mengine anamuuliza mtoto mwenyewe, na mtoto si mjinga, anatafsiri atakavyo. Hivyo mzazi huyo hujiondoa mapema. Husema mimi sikusoma, mwalimu ndiye anajua. Hapo ndipo hasara ilipo kubwa, kwa sababu jambo analoweza kulifanya halihitaji Kifaransa. Nyumba nyingi za Miti, hata zile ambazo hazina kitabu kingine, zina Biblia ya Kiswahili au kitabu cha nyimbo za kanisa. Mpe mtoto wa mwaka wa tatu mistari mitano jioni, kabla ya sombe kuiva. Asiyejua kusoma ana masikio. Anajua sentensi inayotiririka na inayokwama, anajua mtoto anayesoma na mtoto anayekariri wimbo alioshika kanisani. Mtoto akikwama leo na kesho na kesho kutwa, mama ana jambo mahususi la kumwambia mwalimu, ambalo ni kubwa kuliko yote aliyowahi kuulizwa enzi za prime. Na hesabu? Mwanamke anayenunua sambaza kwa jumla, akazipima kwa kikombe, akauza, akatoa nauli ya pikipiki na kubaki na faida hajafundishwa kujumlisha na mtu yeyote. Mtoto amsaidie kugawa chenji mara mbili kwa wiki, na kutoa na kugawanya vitaacha kuwa maandishi ya ubaoni.

Kikwazo cha tatu ni shule yenyewe, na hiki hakipendezi kutamkwa mbele ya walimu. Shule zetu humwita mzazi mtoto akikosa. Karatasi ya konvokasyo ikifika nyumbani, watu hawaulizi kuna nini, huuliza amefanya nini. Mzazi huvaa vizuri, huenda kuketi kwenye benchi nje ya ofisi, husemwa mbele ya mwanawe, kisha hurudi na fimbo. Mtu aliyekutana na shule mara tatu maishani, na mara zote tatu kwa aibu, hatakuja ya nne kwa sababu redio imemhamasisha. Mwalimu akimwita mama wa mtoto ambaye hana kosa lolote, akamwonyesha kaye yake na kumwambia tu, mama, huyu sasa anaandika vizuri, tatizo lake ni kuzidisha, atakuwa amefanya zaidi ya semina nzima. Najua mwalimu mwenye watoto themanini darasani atanicheka. Basi na aite watano kwa mwezi.

Mwalimu naye ana madai ya haki. Anafundisha darasa lililofurika, kwa mshahara ambao hupitia benki au Caritas, na ukichelewa hakuna anayemwomba radhi. Wazazi wengine hugeuza ushiriki kuwa upolisi: huja kuhesabu saa aliyofika bila kuuliza ametembea kilomita ngapi. Wengine humletea kuku ili mtoto apande darasa. Kuku huyo ni prime iliyovaa manyoya, na mwalimu anayempokea anajua.

Kuna chombo ambacho kimekaa karibu bure. Pamoja na komite ya wazazi, kila shule inatakiwa kuwa na baraza la uongozi, COGES, ambamo wawakilishi wa wazazi huketi na direkta na walimu. Fedha ya matumizi ambayo serikali hupeleka shuleni, ile ya chaki, rejista na ukarabati mdogo, inatakiwa ipite mbele ya macho yao. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inamtambua mzazi kuwa mshirika wa shule. Mara nyingi, hata hivyo, wawakilishi hao huchaguliwa kwa sababu wana pikipiki, au ni ndugu wa chifu, au ni wazee wa kanisa wasiomkatalia padri, na kazi yao inakuwa kutia saini. Mabadiliko hapa hayagharimu faranga. Wawe na mwanamke anayeshika hesabu za MUSO.

Nasema hivyo kwa sababu kama kuna mahali wazazi wa Bushi wamejifunza kusimamia fedha kwa uwazi, ni kwenye MUSO, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo viko karibu kila kijiji. Kila juma wanawake huketi kwenye duara na visanduku vyao: cha kijani ni cha akiba na mikopo, chekundu ni cha msaada wa msiba na ugonjwa, cha bluu ni cha fedha itokayo nje. Kila noti huhesabiwa mbele ya wote, na kila anayechelewa hutozwa faini bila kujali ni mke wa nani. Mwanamke wa namna hiyo akiketi kwenye COGES na kuuliza katoni ya chaki iko wapi, ataonyeshwa katoni. Nashangaa kwamba mashirika yanayofundisha wazazi huleta vitabu vipya vya mafunzo kutoka mbali, wakati ujuzi uko kwenye kisanduku cha kijani, nyumba ya tatu kutoka barabarani.

Wapo wazazi ambao maneno haya yote hayawafikii. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa miaka mitano baadaye, familia za Watwa ziliondolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine ya maana. Wazao wao wanaishi pembezoni mwa vijiji vya Kabare, Miti ikiwemo, wakilima mashamba ya watu. Kumwambia mzazi wa Kitwa afuatilie kaye ya mtoto, wakati mtoto huyo anaondoka asubuhi bila kula na wenzake humkimbia kwenye benchi, ni kumcheka. Ushiriki wa mzazi huyu unaanzia kwa majirani zake: kwamba watoto wao wasimtenge wake, na kwamba kwenye komite kuwe na Mtwa mwenye sauti, asiwe wa kupigwa picha tu na wafadhili.

Halafu ikaja vita, tena. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14, na siku mbili baadaye wakawa Bukavu. Barabara namba 2, ile inayopita Miti, ndiyo iliyobeba askari wanaokimbia na familia zinazokimbia. Mwezi huohuo UNICEF ilisema shule na vituo vya masomo zaidi ya 2,500 vimefungwa katika Kivu mbili, na watoto wapatao 795,000 wako nje ya masomo. Benki za Bukavu zilifungwa, na mshahara wa mwalimu ukawa safari ya kuutafuta. Ghafla shule ya serikali haikuwa tena na serikali ya kuitegemea, na swali la mwaka 1992 likabisha hodi upya: nani atamfanya mwalimu arudi darasani?

Wazazi walishawahi kulijibu swali hilo kwa fedha, na linaweza kuwarudia wakiwa maskini kuliko mwanzo. Hatari ninayoiona ni kwamba waingie tena kwenye mkataba uleule: walipe, wanyamaze, wangoje Julai. Mchango ukilazimika kurudi, kwa jina lolote, uje na masharti ambayo kizazi cha prime hakikuyaweka. Direkta aeleze hadharani watoto wangapi wa mwaka wa tatu wanasoma na wangapi bado, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anaelewa. Wazazi waseme wao watafuatilia nini, mambo mawili au matatu, kama wale wa Uganda. Mwalimu naye aseme anahitaji nini kutoka nyumbani, na pengine atashangaa wakikubali.

Mambo hayo hayawezi kuzungumzwa Septemba. Mkutano uwe Januari, maharage yakishavunwa na kuanikwa, kabla ya jembe la Februari, siku ya Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa tayari wamekusanyika na hawajachafuka. Kipindi cha kwanza cha masomo kimekwisha, bilteni ziko mikononi, na bado kuna nusu ya mwaka ya kurekebisha. Wazazi wa mwaka wa sita waanze kusikilizwa wao. Gratwite inaishia kwenye mlango wao: mwaka wa saba una ada yake, minervali, na familia itabidi iamue, kwa fedha ya mavuno hayohayo, kama mtoto aendelee, na kati ya ndugu wawili, nani. Mzazi aliyemsikiliza mtoto wake akisoma jioni baada ya jioni atakuwa na sababu ya kuamua. Asiyemsikiliza ataamua kwa kuangalia nani ni mvulana.